Mgongo wa Baba Ufuoni

Juma lililopita nilikuwa Malaba, nikivuka kwenda Tororo, na katika foleni ya kugonga pasi mama mmoja aliyekuwa mbele yangu alifungua kichupa akajipaka mafuta ya nazi mikononi. Hakujua alichonifanyia. Afisa aliniita, akaniita tena, watu wa nyuma wakaanza kunung'unika, na mimi akili ilikuwa imeshafika kando ya ziwa. Nilikuwa mtoto mwenye gauni lililolowa, nikijaribu kwa nguvu zangu zote kumgeuza baba yangu, na kushindwa.

Wenzangu wa rika langu mtanielewa. Siku zile mtoto haambiwi kitu. Unatumwa, unaitwa, unafukuzwa watu wazima wakitaka kuongea, kisha unaachiwa vipande uviunganishe mwenyewe. Mimi niliviunganisha. Niliviunganisha vizuri kabisa, kila kimoja mahali pake, na nilichopata hakikuwa kweli hata kidogo. Hadi leo sijui kama nilikuwa mjinga au kama mtu yeyote wa kimo changu angeona vile nilivyoona.

Tuliishi Burumba, karibu na mpaka. Baba alikuwa fundi wa kuchomelea, mtu wa mageti na madirisha, mkimya, mwenye alama ndogondogo za cheche mikononi. Mama alikuwa Mteso wa Angurai na alishona nguo nyumbani. Mamake tulimwita Tata, kama Wateso wanavyomwita nyanya. Tata alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye kauli ya amri, na gomesi zake, magauni marefu ya mshipi, za rangi kali, ulizitambua kabla hujamtambua mwenyewe. Nilimpenda mno. Baba nilimpenda pia. Shida yangu ni kwamba wawili hawa, kwa nilivyoona mimi, hawakuweza kuvumiliana hata kidogo.

Tata akija kututembelea, Baba alitoka kwa mlango wa jikoni kabla yeye hajaingia kwa mlango wa mbele. Kama chakula kiko mezani, alikiacha. Alilala kwenye karakana yake, katikati ya mageti ya watu, mpaka mgeni aondoke. Wakitaka kuambiana jambo, walinituma mimi. Tata amekaa ndani, Baba amesimama nje, ukuta wenyewe ni wa mabati na kila mmoja anamsikia mwenzake, lakini lazima mimi nitembee.

"Nafula, mwambie baba yako yale mahindi alituma yalifika."

Natoka. "Baba, Tata anasema mahindi yalifika."

"Mwambie nimeshukuru."

Narudi. "Tata, Baba anasema ameshukuru."

"Mwambie nimesikia."

Mazungumzo yao yote yaliishia hapo, kwa hilo "nimesikia" la Tata, na baada ya kulifikisha niliruhusiwa kwenda kucheza. Nilimuuliza Mama kwa nini hawaongei kama watu. Akanijibu kwamba hiyo ni heshima. Hapo ndipo aliponichanganya zaidi, maana heshima alinifundisha yeye mwenyewe: msalimie mgeni, mpe mikono miwili, usimkimbie. Sasa Baba mtu mzima anamkimbia mgeni kupitia jikoni, tena hiyo ndiyo heshima? Niliamua kwamba Mama ananificha kitu.

Siku moja nilimkuta Mama kwenye cherehani akiongea na Anti Amoit, mdogo wake, kwa simu. Mguu ulikuwa bado unakanyaga na machozi yanamtoka. "Nimeamua," alisema. "Narudi Angurai nikae huko. Nafula atabaki na baba yake, shule isiharibike." Darasani nilikaa dawati moja na msichana ambaye mamake alikuwa amerudi kwao, naye alikuwa amenieleza mambo haya yanavyokwenda: kwanza begi linajazwa, halafu watu wa upande wa mama wanakuja kumchukua, halafu basi, unabaki na baba na ugali mbichi. Niliingia chumbani nikachungulia chini ya kitanda. Begi lilikuwepo, na lilikuwa limejaa.

Wiki hiyohiyo Anti Amoit akatangaza kwamba familia nzima inaenda bichi. Anti alifanya kazi Malaba, kwenye ofisi ya makaratasi ya malori, na ukutani kwake palikuwa na kalenda yenye picha ya visiwa vya Karibea: maji ya buluu, mchanga mweupe, na watu wawili wanaong'aa wamelala kwenye viti virefu kana kwamba hawadaiwi chochote na mtu yeyote. Mwaka wa kalenda ulikuwa umepita zamani lakini alikataa kuitoa.

"Tunaenda hapa," aliniambia, akiigonga picha kwa ukucha. "Yaani hapahapa, ila upande wa Port Victoria. Hakuna kupika, hakuna kuosha vyombo, hakuna shamba. Ni kurelax tu. Hata Tata lazima arelax."

"Na Baba je?"

"Hata baba yako! Si yeye ndiye..." Mama, niliyekuwa nimekuja naye ofisini hapo, alikuwa amemkazia macho.

Sentensi hiyo nilimmalizia mwenyewe kichwani. Si yeye ndiye anayeachwa. Kwa hiyo bichi ndiko Mama atakakokabidhiwa kwa Tata, mbele ya watu wote, kwa ustaarabu, baada ya kula. Usiku niliomba Mungu mvua inyeshe barabara iharibike.

Mvua haikunyesha. Mjomba Omuse, kaka yao, alikuja na pikapu yake. Tata alikaa mbele, sisi wengine nyuma, na begi la Mama likapakiwa nikiliona. Baba hakupewa nafasi. Alikuja nyuma yetu kwa pikipiki, mbali sana, na safari nzima hakutupita. Barabara ya vumbi ilipoanza, vumbi letu lote lilikuwa lake. Mjomba aliposimama kununua maji, Baba naye alisimama huko nyuma, akakaa juu ya pikipiki akingoja, mweupe kama mtu aliyemwagiwa unga. Niliwaambia binamu zangu kwamba baba yangu ameonewa. Walicheka wakasema anafanana na muuza saruji.

Tulipofika nilitafuta maji ya buluu sikuyaona. Maji yalikuwa ya kahawia ukingoni, magugu yakielea, na ng'ombe walikuwa wameingia mpaka magotini wakinywa. Palikuwa na vibanda vya nyasi, viti vya plastiki, na ukutani mtu alikuwa amechora samaki mwenye kope. "Kalenda haikuonyesha upande huu," Anti Amoit alisema, bila kuyumba. Alitoa chupa ya mafuta ya nazi akatupaka sote, watoto kwa wakubwa, kwa sababu wale watu wa Karibea walikuwa wanang'aa. Tulinuka keki. Alimpaka hata Tata mikononi, na Tata alimwachia mikono yake, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Nilishangaa jinsi mikono hiyo ilivyokuwa imekonda.

Tata hakuangalia vibanda wala samaki. Alisimama akalitazama ziwa. Maisha yake yote alikuwa ameishi Angurai, kati ya mashamba ya wimbi na mihogo, na maji makubwa aliyoyajua yalikuwa ya mto.

"Maji yote haya," alisema, "yanangoja nani?"

Mama alijifanya anatafuta kitu kwenye kikapu.

Weita alikuwa kijana mchangamfu, akaunganisha meza zote zikawa moja ndefu. Alimwona Baba amekaa peke yake kule kwenye pikipiki akamfuata. "Boss, karibu bwana, familia iko huku!" Baba akamnong'oneza kitu. Weita akageuka akamtazama Tata, akashtuka, akashika mdomo. "Woi, pole sana mzee, sikujua!" Akabeba kiti mbiombio akakipeleka nyuma ya ua wa maua, mahali ambapo Tata asingeweza kumwona Baba, wala Baba kumwona Tata. Mimi nilibaki mdomo wazi. Kumbe hata weita anajua wanaachana. Kila mtu anajua, isipokuwa mimi ambaye ndiye nitakayebaki.

Chakula kilipokuja, samaki wazima wa kukaanga, nikaanza kazi yangu.

"Nafula, mwambie baba yako samaki wa huku wana miiba. Achunge."

Nilisikia kitisho. Nilikwenda nikakipeleka hivyohivyo. Baba alikuwa ameshanawa mikono lakini hajagusa sahani.

"Uliza kama yeye anakula," alisema.

Nikafikiri anaogopa ametiliwa sumu. Nilirudi nikauliza. Tata alikuwa amevunja kipande kidogo cha mkia, amekiacha kando. "Mwambie ninakula," alisema. Ulikuwa uongo, na niliuona kwa macho yangu, lakini mimi ni mjumbe tu, nikaupeleka. Baba alinitazama usoni kwa muda mrefu, kisha naye akaisukuma sahani yake. Sikuelewa chochote. Watu wamekuja kupumzika, wamelipia samaki wakubwa hivi, na hakuna anayekula.

Baada ya chakula Tata akasema anataka kuingia majini. Mjomba alipinga, maji ni baridi, ataumwa. Tata akamuuliza, "Nitaumwa zaidi ya hivi?" na Mjomba akaenda zake upande wa gari. Mama na Anti Amoit walimpeleka ufuoni polepole, wamemshika kila mmoja upande wake. Walimfungua mshipi wa gomesi, wakamvua, akabaki na gauni jeupe la ndani. Nilikuwa sijawahi kumwona Tata bila gomesi. Alikuwa mdogo kabisa. Waliingia naye mpaka maji yakafika kiunoni, na pale alipokaa chini kwenye mchanga yakamfika shingoni, akafumba macho.

Hapo ndipo Baba alipotoka nyuma ya maua. Alitembea mpaka kwenye kijia kinachoshuka ufuoni, ambacho ndicho njia pekee ya watu, akasimama katikati yake. Akatupa mgongo. Sote tulikuwa majini, Mama, Tata, Anti, watoto, tunarusha maji, na yeye amesimama katika jua, hana kofia, anatazama choo cha hoteli. Vijana wa chuo walikuja na redio yao wakicheka, wanataka kuogelea. Nilimsikia akiwaambia, kwa adabu lakini bila mchezo, "Vijana, pitieni kule chini tafadhali. Kuna mzazi kwa maji." Wakazima redio wakapita kule chini.

Mimi niliona jambo moja tu: hata leo, siku ya mwisho, hawezi kumtazama. Kama angemtazama mara moja tu, nilifikiri, kama angegeuka akaona vile Tata amekuwa mdogo na anavyotabasamu, angemhurumia, wangepatana, na begi la Mama lingerudi Burumba. Nilitoka majini nikikimbia. Nilimshika mkono nikauvuta.

"Baba, geuka!"

"Nenda ucheze, Nafula."

"Geuka umwone Tata!"

"Siwezi."

Nilivuta kwa mikono miwili, nikachimba visigino mchangani. Ni kama kuvuta mlingoti wa stima. Mafuta ya nazi yalinifanya niteleze, nikaanguka kifudifudi, na nilipoinuka nilikuwa napiga kelele ambazo hata wale ng'ombe walizisikia. "Mbona unamchukia Tata? Kwa nini unamchukia? Unataka achukue Mama!"

Kila kitu kilisimama. Weita alisimama na trei. Anti Amoit alisimama na mikono hewani. Niliona masikio ya Baba yakitetemeka kidogo, lakini shingo haikusogea. Kisha kutoka majini ikaja sauti ya Tata, ileile ya amri, ila nyembamba.

"Nafula. Mwambie baba yako asigeuke. Akigeuka itabidi nitoke, na mimi sijashiba haya maji."

Nililia huku nafanya kazi. Baba alikuwa hatua chache tu kutoka kwake na alikuwa amesikia kila neno, lakini nilimwambia.

"Mwambie akae tu," alisema. "Mwambie bado nimesimama."

Nikarudi majini, nikamwambia.

"Mwambie nimesikia," Tata akasema. Akanivuta akanikalisha mapajani mwake, ndani ya maji, akanishika kifuani kwa ile mikono inayonuka nazi. Alicheka. Sikujua anacheka nini. Tulikaa hapo mpaka vidole vyangu vikakunjamana, na kila nilipoinua macho niliona mgongo wa Baba, shati limelowa jasho limeshikana na ngozi, hajasogea.

Jioni yaliyotabiriwa na rafiki yangu wa dawati yakatimia. Begi la Mama halikushushwa. Mama alinikumbatia, akanifunga sweta, akapanda pikapu pamoja na Tata wakaelekea Angurai. Mimi nilipandishwa kwenye pikipiki ya Baba. Nililia mgongoni mwake mpaka Burumba, na yeye hakunikemea wala hakunieleza. Ugali wake, niseme ukweli, haukuwa mbichi. Uliungua.

Tangu hapo kila Jumamosi alinipeleka Angurai. Alinishusha kwenye njia panda, akanipa mkate, sukari na dawa kwenye mfuko, akabaki dukani barabarani mpaka nirudi. Nilimuuliza Mama atarudi nyumbani lini. "Nikimaliza," alisema. Nikamuuliza anamaliza nini. Aliniambia nikawaangalie kuku.

Miaka mingi baadaye, nikiwa nimeshajua kwamba kwa mila za kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawaonani uso kwa uso, Anti Amoit ndiye aliyenimalizia ile sentensi aliyoikata ofisini kwake. Madaktari wa hospitali ya Alupe walikuwa wamewaambia wampeleke Tata nyumbani, akae na mtu wa kumtunza. Siku hiyo walipita kwetu, na Tata akamwambia Mama kwamba kitu kimoja tu anajutia, atakufa hajaona ziwa ambalo watu wanalizungumzia kila siku. Baba alikuwa nje ya mabati, akasikia. "Si yeye ndiye alikuja Malaba kuniona," Anti alisema. "Akasema, Amoit, tafuta njia, lakini usiseme ni mimi, itakuwa aibu kwa mama yenu." Mimi sasa nina mume ambaye hukutana na mama yangu mlangoni akamkumbatia, anamwita mamii, wanapiga picha pamoja. Ni mtu mzuri. Lakini Mama hubaki amekakamaa mikononi mwake, na mimi hujikuta nikitazama mlango wa jikoni, kana kwamba kuna mtu alipaswa kuwa ametoka. Sijui lipi ni sawa. Kwa kweli sijui.

Tata alikufa mahindi yakiwa bado mabichi. Siku ya mazishi boma la Angurai lilijaa watu, na Baba hakuingia. Alisimama nje ya ua, karibu na magari, suti yake ya pekee mwilini, ametupa mgongo. Wakwe wengine walikuwa wamekaa huko kwenye kivuli. Yeye alisimama juani. Jeneza lilipofunguliwa watu waage, mtu akaja akaniambia baba yangu ananiita.

Nilikwenda nikasimama mbele yake. Hakuinama. Alitazama juu ya kichwa changu, kule barabarani.

"Nafula. Nenda kwa Tata. Mwambie akae tu. Mwambie bado nimesimama."

Sikuona ajabu yoyote. Hiyo ilikuwa kazi yangu. Nilipita katikati ya akina mama, nikafika kwenye jeneza, nikainama na kusema kwa sauti ya kawaida, kama nilivyosema siku zote: "Tata, Baba anasema ukae tu. Anasema bado amesimama." Waliokuwa wakiimba wakanyamaza. Anti Amoit akajifunika uso kwa leso. Mimi nikangoja jibu, kwa sababu mjumbe hungoja jibu, na hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba safari hii nisingoje. Nilingoja mpaka mwanamke mmoja akanigeuza taratibu kwa mabega.

Nilirudi kwa Baba nikiwa nimechanganyikiwa kabisa. Sikuwahi kumrudia mikono mitupu.

"Amesemaje?" aliuliza.

Nilifikiri. "Amesema amesikia."

Alitikisa kichwa kukubali. Alibaki hivyohivyo wakati wa maombi, wakati wa nyimbo, na wakati udongo ulipoanza kuangukia mbao, sauti ambayo hata kule kwa magari tuliisikia. Udongo uliposawazishwa, Mama alitoka katikati ya watu wa kwao, akavuka uwanja wote, akapita langoni, akaja akamshika mkono mbele ya kila mtu.

"Baba Nafula," akasema, "geuka sasa."

Baba akageuka.